Mbebaji wa Nyuma

Machela hubebwa na watu wawili, na anayewaona wakipita hudhani wanafanya kazi moja. Anayedhani hivyo hajawahi kubeba. Wa mbele hushika upande wa miguu ya mgonjwa. Macho yake yako njiani, na mdomo wake una kazi ya kumtajia mwenzake kila kilichopo: jiwe, ngazi, mfereji, mtoto. Wa nyuma hushika upande wa kichwa. Huyo haoni njia hata kidogo. Anachokiona ni uso wa mgonjwa, uko hapo chini ya kifua chake, na mgonjwa naye hana mwingine wa kumtazama isipokuwa yeye.

Kambale Donat alikuwa wa nyuma. Alikuwa wa nyuma kwa miaka kumi na minane, katika hospitali moja ya Goma ambayo sina haja ya kuitaja jina. Ilijengwa juu ya lava ya zamani, na kati ya chumba cha dharura na chumba cha upasuaji kuna ua wa mawe meusi yenye ncha, wenye mteremko, mita mia moja na arobaini. Wafadhili walileta vitanda vya magurudumu mara mbili. Vya kwanza vilidumu wiki tatu. Vya pili viko nyuma ya jiko mpaka leo, na kuku wa mlinzi hutagia humo. Basi watu hubebwa kwa mikono, kama walivyobebwa tangu zamani.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, Mnande wa Butembo, mfupi, mabega mapana, mgumu wa kichwa. Mkewe Wivine aliwaambia majirani zao wa Ndosho kwamba ni rahisi kuuhamisha mlima Nyiragongo kuliko kumtoa Donat kwenye neno lake. Mwenzake wa mbele aliitwa Nshobole Edmond, Mushi wa upande wa Bukavu, mrefu, mwenye maneno mengi na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Walitaniana kutoka asubuhi hadi jioni. Edmond alisema Mnande hawezi kupita mbele ya duka bila kuuliza kama duka lenyewe linauzwa. Donat alijibu kwamba Mushi hawezi kumpita ng'ombe bila kumwamkia kwa heshima zote. Jozi ya pili ya wabebaji ilikuwa ya vijana wawili, na hao walikuwa na simu zao, hawakuwa na habari ya utani wa wazee.

Wiki ile ya vita ya mwezi wa kwanza, ambayo kila mtu wa mji huu anaikumbuka kwa namna yake, wabebaji hao wanne walibeba siku tano mfululizo. Walikula wakiwa wamesimama. Ilipokwisha, hospitali iliosha sakafu, ikapanga upya vitanda, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyewauliza kitu.

Miezi michache baadaye akaja Christa. Alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa mtaa wa Katindo, aliyerudi shule kusomea afya ya jamii, na chuo chake kilimpa kazi ya kufanya uchunguzi juu ya afya ya wafanyakazi wa hospitali: mwili wao, akili zao, na mazingira wanayofanyia kazi. Watu waliita jambo hilo anketi, kama wanavyoita kila kitu chenye karatasi na maswali. Alikuwa na maswali hamsini na mawili. Kila mfanyakazi alipewa namba badala ya jina, na Christa aliwaapia kwamba hakuna atakayejua nani alisema nini.

Sasa, mtu wa Goma ukimsalimia, hata kama paa lake liling'olewa na upepo jana, atakuambia sawa tu, tunasonga. Ndivyo tulivyolelewa. Wafanyakazi wa hospitali ile wakaijibu karatasi ya Christa kama wanavyojibu salamu. Mzee wa maabara, ambaye hufunga mkanda kiunoni ndipo aweze kuinuka kitini, aliandika kwamba hana maumivu yoyote. Wauguzi wa wodi ya watoto waliandika kwamba wanapumzika vya kutosha, na mmoja wao alisinzia kabla hajamaliza kuandika.

"Mimi nilijaza zero kila pahali," Edmond alijigamba. "Dakika tatu, nimemaliza."

Donat hakuweza. Katika miaka kumi na minane hospitali ilikuwa imemuuliza namba ya viatu vyake, idadi ya watoto wake, na kama ameuona ufunguo wa stoo. Haijawahi kumuuliza anajisikiaje. Na yeye ni mtu ambaye akiulizwa swali, hulijibu. Aliichukua karatasi nyumbani, akaifuta meza, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti wakati Wivine akisonga ugali.

"Katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umeshtuka usingizini?" Alifikiri. "Nitaandika tatu."

"Tatu ku wiki ama ku usiku mumoja?" Wivine aliuliza bila kugeuka. "Sababu mimi ndiye nalalaka pembeni yako."

Donat akafuta tatu, akaandika kila usiku. Waliendelea hivyo jioni mbili, yeye akisema na mkewe akimsahihisha. Mabega: yanauma, ndiyo, la kulia zaidi. Chakula: kuna siku hakipiti. Hasira: kidogo. "Kidogo?" alisema Wivine. Mwisho wa karatasi palikuwa na mistari miwili mitupu kwa anayetaka kuongeza neno, na hapo Donat aliifuta miwani yake. Kisha akaandika: Ninaona nyuso. Hata za wale waliopona.

Wiki tatu baadaye aliitwa ofisini kwa mkuu wa wafanyakazi, Mzee Havugimana. Huyu hakuwa mtu mbaya, na naomba aeleweke hivyo. Alifunga tai kila siku, alijua majina ya watoto wa kila mtu, na aliamini karatasi kama wengine wanavyoamini sala. Mbele yake palikuwa na jedwali ambalo uongozi ulikuwa umemwomba Christa alitoe mapema.

"Papa Donat, ikala," alisema, akimwonyesha kiti. "Hii karatasi haina jina. Imeandikwa tu: wabebaji wanne, mumoja iko na dalili nzito sana, umri zaidi ya miaka makumi ine. Vijana wetu wawili hawajafika hata makumi tatu. Unabakia wewe na Edmond. Na Edmond alitangazia hospitali muzima kama alijaza zero."

Donat alilitazama jedwali.

"Umechoka, ndugu yangu. Si aibu. Tutakuondoa ku brankari, kazi ya machela, mwisho wa mwezi, na barua itasema kama hauwezi tena kazi. Siku ya Ijumaa komisioni inakaa kusikia matokeo ya anketi, ile siku nitaisaini mbele yao."

"Unanipeleka wapi?"

"Nyumbani. Upumzike."

"Shefu," Donat alisema, "niliulizwa swali, nikajibu. Sikuomba kuondoka."

"Ni kwa kukuhurumia."

Donat alitoka akiwa amekasirika hadi masikio yanavuma. Angefukuzwa kwa wizi angeelewa; angefukuzwa kwa ulevi angenyamaza. Lakini kufukuzwa kwa sababu amesema kweli, na wale waliodanganya wabaki kazini wakisifiwa kwa afya njema, hilo hakulikubali. Huko nje Edmond alikuwa anamsubiri kwenye ukuta, na aliposikia habari akavua kofia, akaivaa tena, akaanza kufoka.

"Nani alikutuma? Nani ule mutu anaandikaka ukweli mu fomu? Donat, hata mutoto wa primaire anajua!"

"Sitoki," alisema Donat.

"Barua iko tayari, unasema hautoki?"

"Ni mubaya barua kuwa tayari kabla ya mutu kusikilizwa. Sitoki, Edmond."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kichumba nyuma ya famasi ambacho Christa alikuwa ameazimwa. Alimweleza bila kupaza sauti, na hilo lilimtisha Christa kuliko makelele. Dada wa watu aliweka mikono usoni. Alikuwa ameficha majina, alisema. Hakufikiri kwamba kwenye kundi la watu wanne, umri peke yake unatosha kumtaja mtu. Hilo lilikuwa kosa lake na alilikubali pale pale, bila visingizio. Donat alimheshimu kuanzia dakika hiyo.

"Na kuna ingine," Christa alisema. "Papa, nilikuwa karibu kukutoa mu hesabu. Wewe na Papa Edmond muko na kazi moja, umri moja, miaka sawa sawa ya kazi. Ku mambo ya usingizi na mawazo, yeye iko na pointi zero. Wewe uko na makumi tatu na moja. Professeur wangu alisema hii ni makosa tu, mutu alijaza vibaya."

"Uliuliza kila mumoja anabebea upande gani?"

"Upande? Kubeba si kubeba?"

Donat alielekea mlangoni. "Kesho saa nane kuja ku ua," alisema. "Tutakubeba."

Siku ya pili Christa alikuja na kalamu zake, akakuta machela imewekwa chini na wazee wawili wamesimama kila mmoja upande wake. Akalala, huku akicheka kwa aibu, maana wagonjwa waliokuwa wakiota jua walianza kupiga makofi. Wakamwinua. Hatua tano hivi alikuwa bado anacheka. Halafu akashika kingo za machela. Mgongo wa Edmond ulikuwa kule mbele, mbali, kofia ikienda na kurudi. Mbingu ilikuwa nyeupe hadi ikaumiza macho. Na kitu pekee alichoweza kukikazia macho kilikuwa uso wa Donat, juu yake, unatoka jasho. Alijaribu kutazama pembeni na kizunguzungu kikamrudisha. Akagundua kwamba ameushikilia uso ule, na kwamba kila mtu aliyewahi kupita ua huu akiwa amelala alikuwa ameushikilia.

"Nishusheni," alisema mwishoni mwa ua. Alikaa juu ya jiwe. "Ile wiki ya vita... ilikuwa watu ngapi?"

"Sikuhesabu," alisema Donat. "Wengine walifika. Wengine walianza safari wakiniangalia, hatukufika nao."

Edmond alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Christa hakuishia kwenye huruma. Alikwenda wodi ya wazazi akaazima mizani mbili, akaweka kila upande wa machela juu ya ubao, ubao juu ya mizani, akamlaza muuguzi mmoja wa kilo sitini, machela yenyewe ikiwa na kilo nane. Upande wa miguu mizani ilisoma ishirini na nane. Upande wa kichwa ilisoma arobaini. Akarudia na watu sita, wanene na wembamba, na kila mara kichwa kilishinda. Aliandika kila kitu kwenye daftari, na mashavu yalikuwa yamempanda damu kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa hajui anakitafuta.

"Kwa hiyo hauko mugonjwa wa ajabu, Papa Donat. Ni pahali unasimamaka. Mutu yeyote wangeweka pale miaka kumi na nane, angeandika vile uliandika." Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa lazima liulizwe. "Lakini juu ya nini hamubadilishanake?"

Donat alikunja mikono ya shati. "Hiyo iache," alisema, akaondoka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, na ni vizuri msomaji aijue sasa. Wawili hao waliajiriwa wiki moja, na siku ya kwanza Edmond ndiye aliyekuwa nyuma, kwa sababu ya urefu wake. Siku ya pili walimbeba bibi mmoja kutoka Murara. Katikati ya ua Edmond alishusha machela taratibu, bila kumwangusha, akaenda zake. Donat aliomba msaada wa mlinzi, akamfikisha bibi, akarudi kumtafuta. Alimkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, ameuma mkono wa koti lake. Edmond alisimulia mara moja tu. Alipokuwa na miaka ishirini walimbeba mama yake kwa machela ya miti kutoka milimani Kabare hadi barabarani, mwendo wa saa nne, na yeye kijana mkubwa wa nyumba alikuwa upande wa kichwa. Mama alimtazama kwa saa tatu. Saa ya nne aliendelea kumtazama, lakini hakuwapo tena, na Edmond hakuthubutu kuwaambia wajomba zake wasimame.

Donat alikuwa amemsikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, "Kuanzia leo nyuma ni yangu." Hawakurudia tena mazungumzo hayo, si mwaka huo, si miaka yote iliyofuata, na Edmond alianza kuvaa kofia na kusema maneno mengi.

Alhamisi jioni Wivine alimwekea mumewe sahani ya sombe ya majani ya muhogo akakaa mbele yake.

"Kesho utawaambia," alisema. "Watauliza juu ya nini hamukubadilishana, na wewe utasema."

"Si yangu ya kusema."

"Donat, kazi ni yako! Usingizi ni wako! Mimi miaka yote hii nakuamsha ukipiga kelele, nakupanguza jasho, na Edmond analala. Sikatai, ni rafiki. Lakini kesho wanakufukuza."

"Nitashindana nao kwa njia ingine."

"Njia gani?"

Donat alichota sombe, na Wivine akajua kwamba njia hiyo haipo. Alitaka kumrushia mwiko. Badala yake alimwongezea sombe, maana alikuwa ameolewa na kichwa hicho kwa hiari yake.

Ijumaa saa nne komisioni ilikaa katika ukumbi mdogo: daktari mkuu, Mzee Havugimana na tai yake, sista mwakilishi wa wauguzi, na Christa na daftari. Wabebaji wanne waliitwa, wakasimama karibu na mlango. Christa alieleza vizuri. Alieleza mizani, alieleza njia, akasema kwamba anketi yake ilikaribia kumtupa mtu mmoja kama kosa la hesabu na sasa anaona ndiye aliyejibu sawasawa kuliko wote. Daktari mkuu alianza kuandika. Halafu Donat akaomba neno.

"Mimi si mugonjwa," alisema. "Nachoka, ndiyo. Hata ukuta unachoka. Naomba vitu viwili. Wabebaji wote wane tuwe tunabadilishana, safari hii uko mbele, safari ingine uko nyuma. Na safari ikiwa mbaya, wanipe dakika kumi za kuikala kabla ya kuitwa tena. Nikishindwa na hiyo, nitaleta barua mimi mwenyewe. Lakini kuondoka leo, kwa kuwa nilijibu swali, hapana. Mukifanya vile, hakuna mutu atajibu tena swali mu hospitali hii."

Sista alitikisa kichwa kukubali. Lakini Mzee Havugimana aliinua kidole, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuuliza.

"Papa Donat. Mulikuwa wawili. Hakuna sheria ilikukataza kwenda mbele. Juu ya nini, miaka kumi na nane, hamukubadilishana hata siku moja?"

Donat alikuwa na jibu mdomoni, jibu la kweli, na lilitosha kumwokoa. Alilimeza.

"Ilinifaa," alisema.

"Kwa hiyo ulichagua mwenyewe."

"Nilichagua."

"Basi si mahali, ni mutu." Havugimana aliwageukia wenzake, bila ushindi usoni, kwa masikitiko hasa. "Mutu alichagua kazi nzito, sasa imemuzidi. Mwenzake amesimama kazi ile ile, na hana kitu. Tumuachie apumzike." Akafungua kalamu.

"Hapana," alisema Edmond.

Alikuwa amevua kofia. Vijana wawili walimgeukia, kwa sababu walikuwa hawajawahi kuuona upara wake. Alipiga hatua mbili mbele, akasimama katikati ya chumba bila kujua aweke wapi mikono.

"Ile fomu yangu, ku magoti nilidanganya. Yanauma yote mbili. Lakini ku usingizi sikudanganya. Mimi nalalaka vizuri, shefu. Nalala sababu huyu halalake." Alimwonyesha Donat kwa kidole. "Nilibebaka mama yangu. Nilikuwa ku kichwa. Alikufa akiniangalia. Nilipofika hapa, siku ya pili, nilishindwa, nilimuacha mugonjwa mu mawe. Wangenifukuza siku ile. Huyu Mnande akasema nyuma ni yake. Hakuniuliza tena hata siku moja tubadilishane. Hata mwezi wa kwanza, wakati tulikuwa tunabeba na damu inaingia mu viatu, hakusema, Edmond, kuja huku kidogo. Na leo munamuuliza, anawaambia ilimufaa." Aliikunja kofia mara nne. "Zile zero zangu, ni yeye alizibeba. Kama barua ni ya kutoka, andikeni jina yangu."

"Nyamaza, Edmond," alisema Donat, polepole.

"Sinyamaze. Miaka kumi na nane nasema maneno ya bure tu, leo acha niseme hii."

Mzee Havugimana aliitazama barua, kisha akamtazama Edmond, kisha Donat. Alifunga kalamu, akairudisha mfukoni mwa shati. "Mimi nilisoma karatasi," alisema, kama anayeomba radhi kwa mtu asiyejulikana. Daktari mkuu akanyoosha mkono, akaichukua ile barua, akaipasua vipande viwili na kuviweka chini ya daftari la Christa. Donat anabaki, alisema. Wote wanne watabadilishana kila safari, dakika kumi zitatolewa, na baada ya miezi miwili Christa atauliza maswali yale yale upya, mara hii mlango ukiwa umefungwa na bila jedwali lolote kutoka kabla ya wakati. Sista akauliza kama hata wauguzi wanaweza kuulizwa upya. Akaambiwa wanaweza. Akacheka peke yake, akisema basi safari hii ataandika kweli.

Walikuwa bado hawajatoka ukumbini kengele ya dharura ilipolia. Jozi ya zamu ilikuwa yao. Mama mmoja alikuwa ameangushwa na pikipiki karibu na soko, paja limevunjika, anahitajika chumba cha upasuaji. Walimhamishia kwenye machela kama walivyohamisha maelfu, na Donat akaenda zake upande wa kichwa. Alimkuta Edmond amekwisha simama hapo, bila kofia, ameshika mishikio yote miwili.

"Si lazima leo," Donat alisema chini chini.

"Toka hapo, Mnande. Enda mbele."

"Edmond."

"Mugonjwa anangoja."

Donat alikwenda mbele. Alishika mishikio, wakainua, na kwa mara ya kwanza tangu siku zake mbili za mwanzo ua wote ulikuwa mbele yake: mawe meusi, mfereji, kamba ya nguo za wagonjwa, mtoto anakula muwa kwenye ngazi. Hakuna uso uliomtazama. Mikono yake ilihisi wepesi hadi akaogopa kwamba ameacha kitu. Alisahau kabisa kwamba wa mbele hutaja njia, akakanyaga jiwe bila kusema, machela ikayumba, mama akapiga kite.

"Sema mawe, wewe!" Edmond alifoka kutoka nyuma. "Mimi huku sioni kitu!"

"Jiwe," alisema Donat, akiwa amechelewa. "Mfereji. Polepole. Mtoto."

Baada ya hapo Edmond alinyamaza, yeye ambaye hakunyamaza hata kanisani. Donat alisikia pumzi zake zikija kwa vipande. Alitamani kugeuka, lakini wa mbele akigeuka mgonjwa huanguka, kwa hiyo aliendelea kutaja njia, jiwe moja baada ya jingine. Walikuwa katikati ya mteremko aliposikia sauti ya yule mama, nyembamba, yenye mshangao.

"Papa? Uko unalia?"

"Ee, mama, niko nalia," alisema Edmond. "Lakini mikono iko na nguvu. Niangalie tu, tutafika."

"Jiwe," Donat alisema. "Kushoto."